Alvina Kwalsid, Aliyeubeba Mkataba Kichwani

Shangazi yangu Alvina Kwalsid alikuwa na miaka hamsini na sita siku alipomvunja mtu mfupa kwa mara ya kwanza. Mtu huyo alikuwa askari wa samaki wa serikali ya jimbo, jina lake Lundin, na alimvunja kwa kafi la mwerezi ambalo baba yangu alilichonga mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ncha ya wavu, maji yakinifika kiunoni, nikausikia mfupa ukikatika kama ukuni mkavu.

Lakini nikianzia hapo mtamwona mkorofi tu, na hata wengine wa kwetu walimwona hivyo. Ni lazima nianze na bibi yake, Sabina, aliyemlea.

Sabina alikuwa na miaka kumi na miwili Desemba ile ya 1854, wazungu walipowaita watu wetu, wenyeji wa asili wa mto huu, kufanya mkataba wa ardhi na uvuvi kwenye uwanda ulio kando ya kijito, mvua ikinyesha mfululizo. Mkubwa wao alisema kwa Kiingereza. Mkalimani akayageuza maneno yake kuwa ile lugha ya sokoni ambayo mababu zetu waliitumia kuulizia bei ya ngozi na blanketi, lugha ya maneno mia tatu hivi. Kisha mtu wetu mmoja akayatoa huko na kuyatia katika lugha yetu. Baba yake Sabina alikuwa mmoja wa waliotia alama ya msalaba kwenye karatasi. Kwa kuwa hakujua kusoma na hakumwamini mkalimani, aliwaita watoto wanne, akawapa kila mmoja sehemu ya maneno yaliyosemwa, akawaambia wayashike. Wao wataweka karatasi, alisema, sisi tutaweka watoto.

Mwaka uliofuata vita vikaja. Wanamgambo wa kizungu waliteremka mtoni asubuhi moja wakati wanawake wanaosha mizizi, wakafyatua risasi kutoka juu ya kingo. Watatu kati ya wale watoto wanne walikufa pale. Sabina aliponea chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mama yake akiwa amelala juu ya mtumbwi huo, damu ikipenya kwenye ufa na kumdondokea shingoni. Alikaa humo mpaka jua likakaribia kuzama. Alipotoka, alikuwa yeye peke yake anayeyajua maneno. Sehemu za wenzake aliwahi kuzisikia wakizikariri, basi akaziunga na yake.

Hayo ndiyo aliyomrithisha Alvina. Alimfundisha jikoni, kila siku, akimgonga kwa mwiko kwenye vifundo vya vidole akikosea neno. Yaliyohusu samaki yalikuwa haya: Samaki wenu ni wenu. Mahali penu pote pa zamani mtavua, kama baba zenu walivyovua. Sisi tutakula pamoja nanyi. Hakuna atakayewafukuza mtoni.

Alvina alipofika miaka tisa walimchukua wakampeleka shule ya bweni ya serikali, ambako lugha yetu ilikuwa kosa. Msimamizi wa bweni alimkuta akikariri chini ya blanketi, akamchapa kofi la sikio la kushoto lililomtoa usaha mwezi mzima. Sikio hilo halikusikia tena. Ndiyo maana shangazi alizungumza kwa sauti kubwa maisha yake yote, na watu wasiomjua walidhani ana hasira hata anapoomba chumvi. Alitoroka akiwa na miaka kumi na mitatu, akatembea siku nne kufuata reli, akarudi kwa Sabina. Bibi hakumkumbatia. Alimkalisha mezani akamwambia, "Haya, sema." Alvina akasema yote bila kukosea. Ndipo Sabina akamlilia.

Aliolewa, mumewe akafa kwenye kiwanda cha mbao, hakujaliwa mtoto. Alivua na mdogo wake, Ruben, ambaye ndiye baba yangu. Mama yangu alipoondoka, shangazi alinichukua kama wake. Tuliishi sote watatu kwenye nyumba ya mbao karibu na kona ya mto, na kando yake kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi.

Wazungu walikuwa wameujaza mto mabwawa ya umeme na uchafu wa viwanda. Samoni, wale samaki wanaotoka baharini kuupanda mto kila msimu, walipopungua, wakasema ni nyavu zetu. Kuanzia mwaka 1962 askari wa samaki walianza kuja. Mwanzoni walichukua nyavu. Baadaye wakawa wanatoboa mitumbwi kwa shoka. Ng'ambo ya mto kulikuwa na wale wavuvi wa kujifurahisha, wenye fimbo za kuvulia na viatu vya mpira virefu, na hao walipenda kutupigia kelele.

"Rudi kwenye kambi mliyotengewa na serikali, bibi," mmoja alimwambia shangazi. "Kanywe ruzuku yako."

"Kambi yangu umeikanyaga wewe," shangazi akajibu. "Na ukimaliza kukojoa mtoni, funga zipu. Samaki wanakucheka."

Wenzake walicheka kuliko sisi. Wiki hiyo hiyo mtu alichoma kibanda chetu, kikateketea na samaki wote wa msimu. Polisi walikuja wakatazama majivu, wakatuuliza kama huwa tunavuta sigara.

Sasa siku ya kafi. Ilikuwa Oktoba 1965, saa tatu asubuhi. Baba na shangazi walikuwa kwenye mtumbwi wakivuta wavu, mimi nimesimama majini karibu na ukingo, nimeshika ncha yake. Boti mbili za injini zilitokea konani kwa kasi, na ya mbele haikupunguza mwendo. Iliupanda mtumbwi katikati kama gari linavyopanda tuta. Mtumbwi ukapasuka, shangazi akarukia upande wa kina kifupi, baba akaenda chini. Alipoibuka, alishika ukingo wa boti ili apumue, na Lundin akampiga rungu kichwani. Mara ya kwanza baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali. Lundin akampiga ya pili na ya tatu. Maji yakawa mekundu.

Hapo ndipo shangazi alipookota kafi lililokuwa likielea, akalizungusha kwa mikono miwili, likampata Lundin kwenye mfupa wa bega. Askari wengine wanne walimrukia. Walimburuta kwa nywele kutoka majini mpaka kwenye barabara ya changarawe, magoti yake yakichunika, na mmoja akamkanyaga mgongoni wakati wanamfunga pingu. Mimi nilimng'ata mtu mkono. Nilipigwa ngumi ya taya nikaona giza, na nilipofumbua macho nilikuwa ndani ya gari, nikiwa na moshi wa mabomu ya machozi machoni na puani. Baba alikuwa amelazwa miguuni mwangu kama gunia. Shangazi alikuwa ameketi wima, nusu ya nywele za upande mmoja zimeng'oka, akihesabu meno yake kwa ulimi.

"Noreen," akaniambia, "babako anapumua?"

"Anapumua, shangazi."

"Basi mwimbie. Asilale."

Niliimba mpaka tukafika.

Mahakamani, wakili wa serikali alisoma ile karatasi ya 1854. Alisema imeandikwa kwamba tutavua "kwa pamoja na raia wote", na kwa hiyo tunafuata sheria za raia wote, ikiwemo ile inayokataza nyavu. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua. Alimuuliza shangazi kama ana la kusema.

"Ninalo," akasema. Akasimama, akaanza kuyatamka maneno ya Sabina, kwanza kwa lugha ya sokoni, kisha kwa lugha yetu, kisha Kiingereza, kwa sauti yake ile ya mtu asiyesikia upande mmoja.

Hakimu akamkatiza. "Una hati ya hayo?"

"Hati ni yenu. Yetu ndiyo hii unayoisikia."

"Mama, karatasi inasema pamoja na raia wote."

"Ndiyo. Pamoja maana yake tuliwakaribisha. Wewe umeona wapi mgeni anakula kwako halafu anakufungia jiko?"

Watu wa kwetu waliokaa nyuma wakaguna. Hakimu akapenga kamasi, akamgeukia karani na kumwambia asiyaandike yale maneno, maana ni uvumi wa familia. Kisha akampa shangazi miezi mitano.

Mimi nilimwona Alvina akipigwa mara nyingi, kabla na baada ya siku ile, lakini sikuwahi kumwona amepigwa kama alivyopigwa pale karani alipoiweka kalamu chini.

Baba hakurudi kuwa yule wa zamani. Alikuwa anasahau majina, anaanguka akifunga viatu, na siku nyingine alikaa kutwa akijishika kichwa kana kwamba anakizuia kisimwagike. Alikufa Machi, shangazi akiwa bado ndani. Walikataa kumpa ruhusa ya kuja kuzika. Daktari aliandika kwamba ni shinikizo la damu.

Shangazi alipotoka, hakuuliza kaburi liko wapi. Aliuliza wavu uko wapi. Nilimwambia tumebaki na mmoja tu, wa zamani, wenye viraka. Tulivua nao karibu miaka miwili, tukijificha na kukamatwa, tukiachiwa na kukamatwa tena. Wakati huo alikuwa anatembea na kisu cha kuparia samaki kiunoni, na aliapa mbele yangu kwamba akimpata Lundin peke yake atamfungua tumbo kama samoni. Sikumkanya. Mimi pia nilikuwa naota hivyo, na katika ndoto zangu kisu nilikishika mimi.

Desemba 1967 mto ulifurika. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa, yamebeba magogo na mizoga ya ng'ombe. Ilikuwa adhuhuri, tumetoka kwenda kuuokoa wavu kabla haujachukuliwa. Tukakuta boti ya askari imetangulia, watu wawili ndani yake wakiuvuta wavu wetu kwa kulabu. Hawakuliona gogo. Lilikuja na mkondo, kubwa kama nguzo ya daraja, likaipiga boti ubavuni ikageuka. Mmoja alitupwa kuelekea ng'ambo, akashika matawi, akapanda nchi kavu. Wa pili alinaswa na wavu. Miguu yake ilikuwa imejisokota kwenye nyuzi, maji yanampita kidevuni. Alikuwa Lundin.

Tuliusogeza mtumbwi. Akaudaka ukingo kwa mikono yote miwili, mtumbwi ukainama upande, maji yakaanza kuingia.

"Ondoa mikono," shangazi akasema. "Utatuzamisha."

Hakuondoa. Labda hakusikia. Shangazi akachomoa kisu, akakigeuza, akamponda vidole kwa mpini mara mbili, tatu, nne. Kidole kimoja kilipinda upande usiostahili. Lundin akapiga ukelele, akaachia, akazama. Shangazi akainama akamdaka nywele, akamwinua, uso kwa uso.

"Unanijua?"

"Nakujua."

"Sema: samaki wenu ni wenu."

"Mama, nakufa kwa baridi."

"Mimi si mamako. Sema."

Akasema.

"Mahali penu pote pa zamani mtavua."

Akasema, meno yakigongana. Shangazi akamtamkia yote yaliyosalia, akamtaka ayarudie. Alipofika kwenye yale maneno "baba zenu" akakosea. Shangazi akamsukuma chini ya maji, akamshikilia huko kwa muda uliokuwa mrefu mno, kisha akamtoa.

"Rudia. Sikio langu moja ni bovu."

"Shangazi," nikasema, "atakufa."

"Babako alikufa."

Nilikuwa nimeshika kafi kupambana na mkondo, na sitadanganya, sehemu fulani yangu ilikuwa inangoja amsukume tena. Akamsukuma tena. Lundin alipotoka mara hii alitapika maji ya kahawa, akaanza kusema mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, haraka haraka kama mtoto anayetaka kutoka darasani. Samaki wenu ni wenu. Kama baba zenu walivyovua. Tutakula pamoja nanyi. Hakuna atakayewafukuza mtoni.

Shangazi alimtazama. Kisha akakata. Hakumkata yeye, aliukata wavu, ule wetu wa mwisho, akiupasua kutoka juu hadi chini mpaka miguu ya yule mtu ikawa huru. Tulimburuta nyuma ya mtumbwi, amefungwa kamba makwapani, hadi ukingoni. Tulimwacha kwenye matope. Shangazi alitembea hatua kumi hivi, akainama nyuma ya kichaka akatapika.

"Usije ukawaambia watu nilimhurumia," akaniambia, akijifuta mdomo. "Nilitaka afe. Mkono tu ndio ulikataa."

Yule wa ng'ambo alikuwa ameona kila kitu. Walitufuata siku ya pili asubuhi na magari sita. Walivunja mlango ambao haukuwa umefungwa, wakampiga shangazi kwa virungu akiwa ameketi anakunywa chai. Walimvunja mbavu mbili na kifundo cha mkono. Mashtaka yakawa jaribio la kuua.

Kesi hii ilikuwa ya jaji na baraza la wazee wa mahakama, watu kumi na wawili, wote wazungu. Mwendesha mashtaka alimsimamisha Lundin kizimbani, mkono umefungwa bandeji, vidole viwili havikunjiki. Alitaka baraza lijue jinsi alivyoteswa. Akamuuliza, "Mshtakiwa alikulazimisha kusema nini?"

"Maneno fulani."

"Tafadhali yaeleze mahakamani kama alivyokuambia. Yote."

Lundin alitazama vidole vyake. Kisha akayasema. Hakuruka hata moja, na pale alipokosea mtoni safari hii alipatia. Karani, ambaye hakuwa yule wa kwanza, aliyaandika yote kwa sababu yalikuwa ushahidi wa upande wa serikali. Nilimgeukia shangazi. Alikuwa ameegemea mbele, ametega sikio lake zima, midomo inafuata, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi.

Walimpa miaka mitatu. Alitumikia miwili na kitu. Nilipomtembelea gerezani mara ya kwanza nilimkuta amekonda lakini mchangamfu kuliko alivyokuwa tangu baba afe.

"Wameandika," akaniambia kupitia kioo. "Yule mjinga kawaandikisha."

"Nani atakuja kuyasoma, shangazi?"

"Hiyo si kazi yangu."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuyasoma. Kesi kubwa ilipokuja, ile ya mahakama ya shirikisho, mawakili wetu waliwaita wazee wengi kutoa ushahidi juu ya mkataba. Shangazi hawakumwita. Kijana mmoja wa mawakili alikuja nyumbani, akanywa chai, akala samaki, akaeleza kwa adabu kwamba mtu aliyefungwa kwa kupiga na kwa kutaka kuua angewapa upande wa pili nafasi. Alvina alimwambia anaelewa. Kijana alipoondoka, shangazi aliivunja sahani ile aliyolia mgeni huyo.

Hukumu ilitoka Februari 1974. Mimi ndiye niliyesikia kwenye redio, nikakimbia mpaka mtoni kumwambia. Nilimweleza kwamba jaji amekubali mkataba bado uko hai, kwamba nyavu zetu ni halali, kwamba nusu ya samaki ni yetu.

Aliendelea kutoa vijiti kwenye wavu.

"Nusu?" akasema.

"Ndiyo, shangazi. Nusu."

"Bibi hakunifundisha neno nusu."

Hata hivyo jioni ile alivaa gauni lake la buluu akaenda kwenye sherehe, akacheza mpaka goti likamgomea.

Wale wa ng'ambo waliipokea hukumu kwa bunduki. Kwa miaka mitatu, kila msimu, risasi zilitoka vichakani. Nyavu zilikatwa, malori yalimwagiwa asidi, binamu yetu mmoja alivunjwa fuvu kwenye maegesho ya duka mchana kweupe. Agosti 1976, shangazi akiwa na miaka sitini na saba, risasi ilimpata kwenye nyonga akiwa amesimama kwenye mtumbwi. Alianguka juu ya samaki. Nilipiga makasia nikilia, yeye akanikaripia kwamba naenda upande, niupeleke mtumbwi moja kwa moja.

Hospitalini polisi alikuja na daftari, akamuuliza anamshuku nani.

"Andika raia wote," shangazi akasema. Polisi hakuelewa, akaandika hajulikani. Hakukamatwa mtu.

Aliishi miaka saba mingine, kipande cha risasi kikiwa bado mfupani. Siku za baridi kilimfanya atukane. Hakuweza tena kusimama kwenye mtumbwi, basi nilimwekea kiti ukingoni, akawa anatoa amri kutoka hapo, na kwa sauti ile kila mtu mtoni alikuwa chini yake. Vijana walioajiriwa na kabila kuhesabu samaki walimwogopa zaidi ya mkuu wao.

Alikufa Novemba 1983, kitandani, baada ya ugonjwa wa siku tatu. Tulimzika Jumamosi karibu na baba. Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kutega, samoni walikuwa wanapanda kwa wingi, nikaenda. Kulikuwa na umande na mto ulikuwa umetulia. Nilivua arobaini na mbili, nikawagawia majirani waliochimba kaburi.